Siku Nilipomwita Baba Avuke

Wiki iliyopita jirani yangu wa hapa Kilakala alimchinjia mjukuu wake akika, akaniletea bakuli la nyama ya mbuzi. Nililipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikamwombea mtoto umri mrefu. Alipotoka nikafunua. Mafuta yalikuwa yameanza kuganda juu ya mchuzi, utando mweupe kama ngozi ya maziwa, na ile harufu ikanipanda puani kabla sijageuza uso. Niliwahi kufika uani tu, nikatapika kando ya mpapai. Binti yangu, aliyekuwa akifua, akaniuliza kama nyama imeoza. Nikamwambia haijaoza, ni nyama nzuri, wape watoto. Wenzangu mliokua wakati wa Wadachi mtanielewa. Kila mmoja wetu alitoka huko na kitu kimoja ambacho tumbo limekataa kukisahau, na mimi changu ni mafuta ya mbuzi.

Kwetu ni juu milimani, upande wa Mgeta, mahali ambapo mashamba yamelala kwenye mteremko mkali, na ukiangusha boga unalifuata bondeni. Chini ya kijiji chetu mto umekata korongo refu, kuta zake mawe matupu yenye ukungu. Juu ya korongo hilo lilining'inia daraja. Halikuwa la chuma wala la mbao. Lilikuwa la mbugu, zile kamba nene za msituni, zilizosokotwa na kufungwa kwenye miti mikubwa huku na huku, na pa kukanyagia pametandikwa mianzi iliyopasuliwa. Bibi yangu alizaliwa akalikuta, na mama yake alilikuta. Kila mwaka masika yakiisha, watu wa ng'ambo zote mbili walikutana, wakatoa mbugu zilizooza, wakatia mpya. Wageni walitoka mbali kuja kulitazama tu, wakasimama ukingoni wakitikisa vichwa.

Mimi nililichukia. Mbugu zake zilipakwa mafuta ya nyonyo ili wadudu wasizile, na mafuta yale, yakichanganyika na ukungu na jasho la mikono ya watu, yalifanya utelezi kama wa konokono. Usingeweza kuvuka bila kushika. Nikifika ng'ambo viganja vyangu vilikuwa vyeusi, vinanata, vinanuka kitu kilicholowa kikasahauliwa. Nilivifuta kwenye majani, nikavifuta kwenye udongo, nikavinusa, nikavifuta tena. Mama alikuwa akinicheka.

Halafu nikaanza kusikia kwamba daraja linakula watu.

Wanawake ndio waliosema, wakiwa wanatwanga, kwa sauti ya chini. Leo daraja limemla mwana wa fulani. Juzi limekula wawili, ndugu kwa ndugu. Hakuna mtu mzima aliyekaa akanieleza mimi mtoto kwamba reli ya Wadachi ilikuwa imefika Morogoro mjini, kwamba huko tambarare kulikuwa na mashamba ya mkonge yanayotaka mikono, na kwamba askari wa boma walikuwa wameona pa kuwapatia wanaume bila kuhangaika kupanda na kushuka milima: pale kwenye daraja, maana hapakuwa na kivuko kingine cha karibu. Mwanamke alipita, mtoto alipita, mwanamume akafungwa kamba akapelekwa. Mimi nilisikia neno kula nikaelewa kula. Na kwa akili yangu ya miaka saba nikajua sasa ule utelezi ni kitu gani. Yalikuwa mate.

Kwa hiyo sikuvuka tena. Na Baba alikuwa ng'ambo. Alikwenda kumzika mama yake, na alipokuwa huko askari wakaja wakaweka kambi upande wetu wa daraja. Akabaki kwa ndugu zake, akilala shambani, akingoja waondoke. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine, hawakuondoka. Mama alivuka mara mbili kumpelekea ndizi na maharage, akanibembeleza tufuatane, nikamng'ang'ania Bibi nikalia mpaka nikakosa pumzi. Nilimtaka Baba kwa moyo wangu wote, lakini sikutaka kupitia mdomoni mwa kile kitu ili nimfikie.

Sasa niwaambie kuhusu mjomba wangu. Alikuwa kaka mkubwa wa Mama, jina lake Kibwana. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ni ya ukoo huo, kwa hiyo mjomba ana sauti kuliko baba. Huyu wetu alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye vidole vifupi vilivyojaa, na alinipenda. Alikuwa akinibeba mabegani wakati wajomba wa wenzangu hawabebi watoto. Wadachi walipotafuta mtu wa kuwa jumbe wetu, walimchukua yeye, wakampa kanzu nyeupe na kofia, na tangu siku hiyo akawa anashinda kule darajani pamoja na askari. Mimi nilidhani yuko kule kulizuia daraja lisile watu. Niliwaambia wenzangu hivyo, kwa kujivuna.

Siku moja asubuhi alikuja nyumbani. Mama alikuwa anachambua maharage barazani.

"Mdogo wangu," akasema, "kuna Bwana Mdachi anakuja kulitazama daraja. Amesikia habari zake huko mjini. Ana mashine ya kutoa picha. Anataka watu wa huku na wa ng'ambo wasimame juu yake, wajae, ionekane nguvu yake."

Mama hakuinua uso. "Na askari?"

"Siku hiyo hawamgusi mtu. Akida mwenyewe ameniambia. Mpelekee mumeo habari. Akija avae vizuri, asimame kwenye picha, ale nyama, arudi kwake au aje kwako, ni hiari yake."

"Kaka, unaniambia kweli?"

"Nikudanganye wewe?"

"Nipe mkono."

Akampa. Nilikuwa nimeketi karibu, nikaona mkono mwembamba wa Mama, wenye vumbi la maharage, ukipotea ndani ya ule mkono mnene. Walishikana muda mrefu. Siku ya pili yake Mama akavuka kupeleka habari.

Siku yenyewe ilipofika tuliondoka mapema. Mama alinivisha kaniki mpya, akanipaka mafuta miguuni, akanichana nywele. Njia nzima ilikuwa ya kuteremka, na kabla hatujaliona korongo tulisikia harufu ya nyama. Mjomba alikuwa amechinja mbuzi watatu. Vipande vilichomekwa kwenye vijiti kuuzunguka moto, vikidondosha mafuta, na utumbo ulikuwa umetupwa kando, nzi wameufunika mpaka hauonekani rangi. Askari wanne walikuwa wamekaa juu ya magogo, mikanda wameilegeza. Bwana Mdachi alisimama peke yake ukingoni karibu na mashine yake yenye miguu mitatu. Alikuwa kijana, mwekundu shingoni, nywele amezipaka kitu chenye harufu tamu kama ya tunda lililoiva likapasuka. Alikuwa akilitazama daraja na kutabasamu kama mtu anayetazama mtoto wake. Naamini alilipenda. Alilishika, akapiga zile mbugu kwa kiganja, akawaonyesha askari jinsi zilivyosokotwa. Halafu akatoa kitambaa cheupe, akafuta vidole kimoja kimoja.

Watu wa kwetu walikuwa wamefika wengi. Ng'ambo nako niliona watu wamesimama chini ya miti, wote wanaume, hawasogei. Na mbele kidogo ya wenzake nikamwona Baba. Hata kwa mbali nilimjua kwa bega lake moja lililoshuka. Nikashangilia moyoni. Mjomba akaniita pale kwenye moto.

"Njoo, mwanangu. Umeshakula?"

Nikamwambia bado. Akachomoa kipande cha ubavu, akaking'ata kwanza mwenyewe kupima kama kimeiva, mafuta yakamtiririka kidevuni yakadondokea kanzu nyeupe, akanipa sehemu iliyobaki. Nilikila. Kilikuwa kitamu, siwezi kusema uongo juu ya hilo. Nilikila mpaka mfupa, nikalamba vidole, akanipa kingine. Askari mmoja, mrefu, akaja akasimama nyuma yangu. Akaweka mkono wake begani kwangu, mkono wenye joto na uzito, akaniuliza jina. Nikamtajia. Akasema ni jina zuri. Alinuka ngozi ya viatu na tumbaku, na mimi nikaona fahari, maana hakuna mtoto mwingine pale aliyeshikwa bega na askari.

"Wanaogopa," Mjomba akaniambia, akinionyesha wale wa ng'ambo. "Baba yako anaogopa. Mwite. Mwambie kuna nyama."

Mama alikuwa mbali, na wanawake wengine, chini ya kilima. Nadhani alianza kuja aliponiona nimesimama na askari, lakini njia ile ilikuwa na watu. Mimi sikumngoja. Nilijaza hewa kifuani nikaita kwa nguvu zangu zote, na korongo likaichukua sauti yangu likaipeleka ng'ambo, likanirudishia.

"Baba! Njoo uvuke! Kuna nyama!"

Nikaita mara ya pili. Nikamwona anageuza kichwa kutazama magugu ya nyuma yake, kisha akatutazama sisi, akatutazama muda mrefu. Halafu akaja. Akakanyaga mwanzi wa kwanza, akashika mbugu, akaja taratibu, na wale wengine, walipoona yeye amekwenda, wakamfuata mmoja mmoja. Daraja likashuka kwa uzito wao likaanza kupumua, juu na chini. Nilikuwa nikiliomba lisimtafune. Bwana Mdachi akaingia chini ya kitambaa cheusi, akanyoosha mkono, na mtu mmoja akapaza sauti kuwaambia wasimame, wasipepese macho. Wakasimama. Watu kumi na mmoja, mikono juu ya zile mbugu zenye utelezi, wametulia kama walioambiwa waswali.

Kisha Mdachi akatoka kwenye kitambaa, akaitikia kwa kichwa, na mkono wa askari ukatoka begani kwangu.

Ng'ambo magugu yakafunguka, wakatoka askari wengine. Huku hawa wanne wakawa wameshafika kwenye mti wa daraja, bunduki mbele. Hakuna aliyekimbia, kwa sababu hapakuwa na pa kukimbilia isipokuwa chini. Wakawatoa mmoja mmoja upande wetu, wakawafunga kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwenzake. Baba alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Alipita karibu nami, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa, na mimi nilikuwa nimeshika mfupa mkononi na midomo yangu inang'aa mafuta. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, na sikujua ananikataza nini.

Mama alifika hapo. Hakumfuata Baba, alimfuata kaka yake. Mjomba alikuwa ameketi tena kwenye moto, anakula. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akila: kwa haraka, bila kutafuna vizuri, kama mtu anayeziba shimo.

"Ulinipa mkono," Mama akasema.

"Wangenichukua mimi," akajibu, mdomo umejaa. "Walitaka watu kumi. Nisingewapata wangenichukua mimi na wanangu. Ungefurahi?"

"Ulinipa mkono, Kaka."

"Atarudi. Wote wanarudi. Kaa ule."

Mdachi alikuwa anafungasha mashine yake kwenye sanduku, ametupa mgongo. Sijui alijua nini na hakujua nini. Alikuwa akipiga mluzi, na alipomaliza akaja akaletewa nyama kwenye sahani ya bati, akala amesimama, akiangalia daraja. Hapo nikatapika, juu ya miguu yangu iliyopakwa mafuta, na kilichotoka kilikuwa bado cheupe, bado kina joto, na kilinuka vilevile kama kilivyonuka kuingia.

Siku ya pili yake Mjomba alituletea paja zima la mbuzi. Mama hakuwapo, Bibi alikuwa amelala, akalining'iniza kwenye nguzo ya baraza akaondoka. Mama aliporudi kutoka shambani akaliona. Hakuligusa. Aliniambia na mimi nisiliguse, akamwambia Bibi, akamwambia kila aliyepita. Paja likakaa. Siku ya tatu likawa la kijani, likavimba. Siku ya tano likaanza kucheza lenyewe, maana lilikuwa limejaa funza, na funza wakadondoka barazani mmoja mmoja, kwa sauti ndogo ninayoisikia mpaka leo. Tulilala na ile harufu, tuliamka nayo, ikaingia kwenye unga, ikaingia kwenye nywele. Nyumba yetu ilikuwa njiani, hakuna mtu wa kijiji aliyeweza kwenda kisimani bila kuipita. Watu waliziba pua, wakatazama, wakajua paja ni la nani. Mwisho Mjomba akaja, amefunika mdomo kwa ncha ya kanzu.

"Kwa nini unaniaibisha mbele za watu?" akauliza.

"Nyama ni yako," Mama akamjibu. "Mimi sikuiomba. Ichukue."

Akaichukua kwa mikono yake. Nilimwona akishuka nayo njiani, ameinyoosha mbele mbali na mwili, nzi wanamfuata kama kundi la watoto. Tangu siku hiyo Mama hakula naye, hakukaa naye, hakupokea kitu kutoka mkononi mwake, ingawa alikuwa kaka yake wa tumbo moja na mkubwa wa ukoo. Masika yalipoisha Mjomba aliita watu waje kutia mbugu mpya darajani. Hakuja mtu wa huku, hakuja mtu wa ng'ambo. Askari hawakujua kusokota mbugu. Mianzi ikaanza kudondoka, mbugu zikakatika, na mvua za mwaka uliofuata zikamalizia. Watu wakawa wanatembea nusu siku kwenda kuvukia juu kwenye mawe, na hakuna niliyemsikia akilalamika. Askari walipoona hakuna anayepita, wakahamisha kambi. Mjomba aliendelea kuvaa kanzu yake, ila alikuwa akila peke yake, na alikonda kama mtu mwenye ugonjwa.

Baba alirudi mwaka wa tatu. Alikuwa kwenye mkonge upande wa Kingolwira, na mikono yake ilikuwa imechanwachanwa na miiba mpaka vidole viwili havikukunjika tena. Kati ya wale kumi na mmoja walirudi saba. Kwa wiki nyingi sikumkaribia. Nilimwekea chakula, nikakimbia. Hatimaye siku moja tulikuwa wawili shambani, anachimba magimbi, nikamwambia yale niliyokuwa nimeyabeba muda wote huo.

"Baba, ni mimi niliyekuita."

Akaendelea kuchimba kidogo, kisha akaketi juu ya tuta.

"Niliwaona kwenye magugu," akasema. "Niliona kofia. Nilijua kabla sijakanyaga daraja."

"Sasa kwa nini ulivuka?"

"Kwa sababu yule mrefu alikuwa amekushika bega, na mkono wa pili una bunduki. Na mjomba wako alikuwa ananitazama mimi tu, wewe hakutazami. Nikajua nisipokuja sijui watakufanya nini." Akafuta udongo kwenye gimbi. "Wale wengine walinifuata mimi. Wanne wamelala kule. Hilo ni langu, wala si lako. Usilibebe."

Alidhani ananitua mzigo. Kweli aliutua mmoja. Lakini nilishuka kutoka shambani nikiwa na mwingine, maana kwa miaka ile yote nilikuwa nimeukumbuka ule mkono kwa wema. Nilikuwa nimewasimulia wenzangu: askari alinishika, akasema jina langu ni zuri. Sasa niliuhisi tena begani, joto lake na uzito wake, nikajua ulikuwa umekaa pale kama mtu anavyoshika kamba ya mbuzi.

Nilikwenda moja kwa moja mtoni. Nikachota mchanga, nikasugua bega. Nikasugua mpaka ngozi ikawaka, mpaka maji yaliyoshuka mkononi yakawa na wekundu. Sikusikia Mama akija na mtungi wake. Alisimama nyuma yangu, akaniangalia.

"Unasugua nini?"

"Mkono wa askari."

Aliweka mtungi chini. Akaingia majini mpaka magotini, akanipokonya mchanga, akanimwagia maji ya baridi begani kwa kiganja chake, mara tatu, mara nne, taratibu.

"Hautoki kwa mchanga," akasema. "Wa kaka yangu nausugua kila siku."